Ndiyo Niliyomsemea Bibi

Aliyenisimulia kwanza habari ya maji ya Imana ni shangazi yangu Yustina, aliyeolewa Nyabibuye, siku alipokuja kutusaidia kubomoa nyumba yetu ya kilimani ili tuhamie kijiji cha ujamaa. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Vitu vyote vilikuwa vimerundikwa kwenye trela ya trekta, isipokuwa chungu kidogo cheusi ambacho bibi alikikumbatia kifuani na kukataa mtu yeyote asikiguse. Nikamwuliza shangazi kwa nini. Akanieleza kwamba kila jioni, kabla ya kulala, bibi huacha maji kidogo katika chungu kile, kwa sababu Imana, yaani Mungu katika Kiha chetu, hupita usiku kufinyanga watoto tumboni mwa mama zao, na hakuna anayefinyanga bila maji.

"Nyumba ikilala kavu, Imana anaipita," alisema.

Sehemu iliyobaki sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo. Naiandika kama ilivyokuwa, kwa kuwa siku hizi ndugu zangu wakikutana huigeuza kuwa habari ya kupendeza, ya bibi aliyempokea Mungu akiwa mgonjwa kitandani. Mimi nikiisikia ikisimuliwa hivyo hutoka nje.

Bibi aliitwa Nzeyimana. Maana yake ni kwamba namtumaini Mungu, na jina hilo alipewa na baba yake kabla kanisa halijajengwa upande wetu. Babu alikuwa amezikwa kule kilimani, nyuma ya migomba, na bibi alikuwa ameshatuonyesha mahali pake kando ya kaburi lile. Alituonyesha wote, hata sisi wadogo. "Mimi ni hapa," alisema. "Kichwa huku." Sikumbuki akituomba jambo lingine katika maisha yake yote.

Baba alikuwa Mkristo tangu ujana wake, na sisi watoto tulibatizwa tukiwa wachanga. Tulipohamia kijijini alitamani sana kuwa mzee wa kanisa. Aliyemzuia, au aliyeonekana kumzuia, ni mama yake. Petro, katekista wetu, alimwambia hivyo tukiwa tunakula.

"Kaka, mzee wa kanisa aliyemwacha mama yake nje ya mlango, atawaambia nini watu wengine waingie?"

Baba alicheka, lakini hakumaliza ugali wake.

Petro hakuwa mtu mkali. Nasema hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nampenda. Alikuwa na sauti ya upole na shati jeupe lililofuliwa vizuri, na alikuja kwetu mara mbili kwa wiki kumfundisha bibi. Bibi hakumfukuza. Alichambua maharage akimsikiliza.

"Bibi, utabatizwa lini?"

"Moyo wangu ukiniambia."

"Na sasa unasemaje?"

"Umenyamaza. Utasemaje na wewe hujapumzika?"

Sisi watoto tulicheka, na Petro pia alicheka. Kisha akaendelea. Alisema Imana wa bibi si Mungu wa kanisani, ni mzimu tu wa kurithi. Wakati huohuo familia zilizokimbia Burundi, ambazo zilikaa nasi na kusali nasi, ziliimba nyimbo za Imana kila Jumapili, na Petro alisimama mbele yao akiwapigia makofi. Nilikuwa mtoto, lakini jambo hilo niliona haliingii akilini. Watu wazima hawakuliona.

"Ukibatizwa," alisema Petro, "ukifa utalala kwenye makaburi ya kanisa, pamoja na Wakristo wenzako."

"Na mume wangu nimwachie nani?"

"Yule alikufa bila ubatizo, bibi."

"Basi hawezi kunifuata huku. Ni mimi wa kumfuata."

Bibi alikuwa na namna yake ya kusema juu ya moyo, umutima. Alisema moyo wa mtu ni kama chumba cha ndani cha nyumba ya jirani. Unaweza kusimama nje ukapiga hodi mpaka jua lizame, lakini huna ruhusa ya kuingia na kutoka ukitangaza ulichokiona. Petro aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akasema atayatumia katika mafundisho.

Mwaka wa pili, wakati wa masika, bibi aliugua homa. Mto ulikuwa umejaa, na wanaume wakasema machela haiwezi kuvuka kwenda hospitali ya Kabanga. Siku ya tatu hakutambua mtu. Ndugu zangu husema ilikuwa Jumapili. Ilikuwa Alhamisi, kwa sababu mama alikuwa shamba la kijiji, na zamu ya nyumba yetu ilikuwa Alhamisi. Niliachwa mimi kumpepea.

Mchana Baba aliingia na Petro.

"Anakwenda," alisema Baba. "Fanya haraka."

"Alikubali?" Petro aliuliza.

"Moyoni ameamini siku nyingi. Mimi ni mwanawe, namjua."

Petro aliniagiza maji. Mtungi mkubwa ulikuwa mtupu, maana mama angechota akirudi. Maji pekee ndani ya nyumba yalikuwa katika kile chungu cheusi, yale aliyoyaacha bibi jioni aliyoanguka. Nilisimama mlangoni nikakitazama. Baba akasema, "Umelala?" Nikakileta.

Petro aliweka mkono wa kushoto chini ya shingo ya bibi, akamwinua ili maji yasiingie puani, akamwita Maria, akamwaga. Alipoulegeza mkono, kichwa cha bibi kiliangukia kifuani.

"Ameitikia," alisema Petro.

Mimi nilikuwa miguuni. Niliuona mkono wa Petro ukilegea.

Homa ilishuka Jumamosi, baada ya mganga wa zahanati kupata dawa kutoka Kasulu. Jambo la kwanza bibi aliloomba ni chungu chake, akakikuta kikavu. Nikamwambia kila kitu. Sikuficha hata neno moja, kwa sababu wakati huo sikuwa bado nimejifunza kuficha. Alinisikiliza, na habari ya maji ilimchekesha.

"Kwa hiyo amenimwagia maji ya Imana, halafu anasema nimemwacha Imana?"

Habari ya jina haikumchekesha. Alimwita Baba. "Mlimwagilia gogo," alimwambia. "Mimi sikuwepo. Mwambie akalifute jina hilo."

Baba hakwenda kumwambia mtu afute. Padri alipokuja, maana alifika kwetu kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, bibi alijivika kitenge chake kizuri akaenda mwenyewe kwa fimbo, nami nikimshika mkono. Tulisimama chini ya upenu wa kanisa: bibi, Baba, Petro, padri na mimi. Padri hakujua Kiha, na bibi Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Lakini padri alisema neno la haki, hilo sitamnyima. Alisema mtu mzima habatizwi bila kutaka, hata akiwa mahututi, na kama hakuonyesha ishara yoyote jina lisiandikwe kabisa.

"Aliitikia kwa kichwa, Padri," alisema Petro.

"Nani mwingine aliona?"

Baba alisema aliona. Padri akamtazama, nadhani alijua mwana si shahidi mzuri wa jambo analolitaka mwenyewe. Ndipo Petro akaniinamia kwa ile sauti yake ya upole.

"Huyu mtoto alikuwepo. Anasoma, anajua Kiswahili vizuri. Mwambie Padri. Bibi aliitikia kwa kichwa, siyo?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunigusa. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama alinifinya, kwa sababu kufinywa kungenisaidia, lakini hakunifinya. Nilisema, "Ndiyo, Padri."

Neno hilo bibi alilijua. Aliuachia mkono wangu.

"Na wewe pia unaujua moyo wangu?" aliniuliza kwa Kiha.

Padri akataka kujua amesema nini. Petro akamwambia anashukuru.

Baba alifanywa mzee wa kanisa kabla ya mavuno. Watoto wa jirani walikuwa wakipita uani na kuita, "Bibi Maria, bibi Maria, njaa imetuuma," ili waone kama atageuka. Hakugeuka hata mara moja, na waliomwita hivyo hawakupata hata kiazi. Baba alipomsihi aitikie tu, kwa ajili ya watu, alimjibu mbele yetu.

"Siku moja utaniita kwa shida, na utaniita kwa jina lenu hilo. Sitakuja."

Mimi hakunigombeza. Ila kabla ya siku ile nilikuwa ninatumwa kila jioni kutia maji katika kile chungu, na baada yake alitia mwenyewe. Nikinyoosha mkono kukichukua, alisema, "Acha, mwanangu, umechoka." Sikuwa nimechoka. Adhabu nyingine zote za utoto wangu nimezisahau.

Alikufa nikiwa kidato cha kwanza. Nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa kanisani, na msalaba una jina Maria. Shangazi Yustina alifika kutoka Nyabibuye, akasimama pembeni ya shimo.

"Mnamzika nani? Mimi nimekuja kumzika Nzeyimana."

"Usituaibishe," alisema Baba.

"Wewe ndiye mwenye aibu. Mimi nina msiba."

Waliendelea kuimba.

Kwetu tunaamini kwamba wafu humjia mtu katika ndoto, na anayependwa na wafu wake hujiwa mara nyingi. Baba alimwombea mama yake misa kila mwaka, akilitaja jina lile. Uzeeni aliniambia jambo ambalo naamini hakumwambia mwingine. "Babu yako namwota. Ndugu zangu waliokufa wadogo nawaota. Mama sijamwota hata siku moja." Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Sikuyasema, na sijui kama kunyamaza kule kulikuwa huruma au hasira ileile.

Nimebaki Mkristo, na watu hushangaa ninaposimulia haya bado nikienda kanisani. Siku ya kipaimara niliulizwa kama naamini, nikanyamaza kwa muda mpaka wenzangu wakageuka kunitazama. Nilikuwa natafuta kama kuna mtu ndani yangu anayejibu. Alikuwepo, nikajibu. Ndiyo hiyo ni yangu, na sioni aibu kwa hiyo. Bibi alinyimwa muda uleule niliopewa mimi, na waliomnyima walisema wanampenda. Hasira yangu iko hapo. Haijapungua, na sijaomba ipungue.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Petro. Sasa haoni, anaongozwa na mjukuu, na sauti yake ni ileile. Nilimwambia nimekuja kwa swali moja. Bibi aliitikia?

Aligeuza uso kufuata sauti yangu.

"Lakini mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyesema aliitikia."

Baba na mama wamekufa. Shangazi Yustina alikufa Nyabibuye, akazikwa pale alipotaka. Padri yule alirudi kwao, nasikia naye amefariki. Tulioingia chumbani Alhamisi ile tukatoka tukisema tumeuona moyo wa mtu, tuliobaki hai ni Petro na mimi.