Foleni ya Wakwe Kupanda Mamba

Kazi yangu ni kupanga ndege. Nikiwaambia hivyo watu wa Dar wananielewa nusu. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwetu Mamba, kijijini Upareni, wananionea huruma. Ndege zinakuja kutoka pande zote kwa wakati mmoja, kila rubani anataka kutua, na njia ya kutua ni moja. Mimi nakaa kwenye chumba chenye baridi, mbele ya rada, nawaambia: wewe wa kwanza, wewe wa pili, wewe punguza mwendo, wewe zunguka hapo juu mpaka nikuite. Ndege kubwa ikitangulia inaacha nyuma yake hewa iliyovurugika, kwa hiyo ndogo inayofuata lazima ikae mbali nayo. Hiyo ndiyo kazi yote. Nimeisomea, naifanya vizuri, na sijawahi kupewa heshima yake.

Wa kwanza kuninyima heshima hiyo ni mama yangu. Ndege ikipita juu ya milima ya Pare kwenda Kilimanjaro, anatoka nje na upawa mkononi, anaitazama mpaka iishie, kisha ananipigia simu kuniuliza kama ile ni yangu. Namwambia hapana mama, ile ina watu wake. Anakata simu kama mtu aliyeuziwa nyanya mbovu. Kanisani walipomuuliza mwanao anafanya kazi gani mjini, alijibu kwamba nakaa ndani naongea na watu walio angani. Wakamuuliza kama nalipwa. Akasema hata yeye hushangaa.

Mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa na kijana wa Msangeni, kule Upare wa Kaskazini, tulikaa kikao cha familia kupanga sherehe ya kumuaga. Mwenyekiti alikuwa mjomba, kaka yake mama, na jambo lililomkosesha usingizi halikuwa vinywaji wala sare. Lilikuwa barabara. Barabara ya kupanda kwetu ni ya gari moja. Upande mmoja una ukuta wa mlima, upande wa pili unaona paa la nyumba ya jirani chini ya miguu yako. Na ulikuwa msimu wa tangawizi, malori ya fuso yanashuka yamejaa mpaka yanalia. Kwenye sherehe ya jirani iliyotangulia yetu, kosta ya wakwe ilikutana na fuso kwenye kona na hakuna dereva aliyekubali kurudi nyuma. Wakwe walipanda mlima kwa miguu, na kabati la zawadi likapanda kichwani mwa mtu. Mpaka leo familia ile inaitwa watu wa kabati.

Mjomba akanigeukia, akasema nyumba hii ina mtaalamu wa mambo haya na haijawahi kumtumia. Sitaficha, nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu nianze kazi.

Mama hakujali barabara. Yeye alikuwa na jambo moja tu, chakula. Baba alikuwa ameshafariki, na tangu tumzike nyumba yetu haikuwahi kujaa watu tena. Kwenye msiba ule mama alikaa mkekani akalishwa, majirani wakapika kwa sufuria zake mwenyewe, naye akawa anazisikia tu zikigongana huko jikoni. Lilimuuma sana jambo hilo, na hakuwahi kulisema mpaka siku ya kikao.

"Safari hii napika mimi," alisema. "Nataka watu wale kwangu mpaka washindwe kuinuka."

Nikaapa moyoni kwamba wageni wote nitawafikisha mezani kwake, wazima, kwa mpangilio, na bila kabati kichwani.

Nikapanga kama tunavyopanga kazini. Magari yote yangekusanyika kwanza Maore, huko chini kwenye tambarare, nyumbani kwa binamu yangu anayelima mpunga. Kutoka hapo yangepanda moja moja hadi kwa shangazi, dada yake baba, ambaye nyumba yake iko katikati ya mlima na ina uwanja mpana wa kugeuzia gari. Kwa shangazi kila gari lingesubiri mpaka la mbele yake liwe limeshaegeshwa kwetu. Mafuso ya tangawizi yangebaki juu, kwenye mizani wanakopimia mazao, mpaka mgeni wa mwisho apite.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza shangazi. Nilimwambia wageni watasimama kwake kidogo, kisha nitawaita. Akauliza ni wageni gani. Nikamwambia wote. Akauliza watakaa muda gani. Nikamwambia inategemea foleni. Shangazi alinitazama, akafungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni kwa nguvu, akasema sawa. Ile kanga niliiona ikifungwa. Nilidhani ni baridi.

Siku yenyewe nilipanda juu ya tanki la maji la saruji nyuma ya nyumba, nimevaa gauni la sare lenye mabega ya kusimama, simu mbili mkononi. Kutoka pale barabara inaonekana vipande vipande, inapotea kwenye migomba na kutokea tena. Mama alipita na karai la vitunguu, akaniangalia juu kule, akatikisa kichwa.

Tatizo la kwanza lilitokea Maore. Kwetu kazini anayefika kwanza hutangulia, labda awe mgonjwa au kiongozi mkubwa. Gari la kwanza kufika lilikuwa kirikuu dogo la kubeba soda, la pili kosta ya kwaya, la tatu la baba yake bwana harusi. Binamu akanipigia kwa sauti ya chini kuniambia wazee wa Msangeni wanauliza tangu lini mkwe akafuata nyuma ya soda. Nikabadilisha foleni. Gari la Noa la mashangazi wa bwana harusi waliojifunga vilemba vyeupe nililiweka mbali nyuma ya kosta, vumbi litulie kwanza. Hilo la vumbi nilijisifia mwenyewe pale juu, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifia.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri ajabu. Hakuna honi, hakuna ugomvi, gari linafika, linaegeshwa, naita lingine. Mjomba alikuwa getini na kipaza sauti akiwatangazia wageni kwamba wameletwa kwa utaratibu wa kimataifa. Kilichonisumbua ni kwamba nafasi kati ya gari na gari ilizidi kurefuka. Niliagiza la tatu liachiwe, shangazi akajibu kwamba hao bado wananawa mikono. Nikaona ni jambo jema, njia ina vumbi. Niliagiza la nne, na hao nao walikuwa wananawa. Mzee wa Msangeni, baba yake bwana harusi, alipofika wa kwanza na kushuka garini nilimpa shikamoo kutoka juu ya tanki. Aliitika marahaba bila kutoa kijiti cha meno mdomoni. Nilidhani ndivyo alivyo.

Nilielewa chakula kilipotengwa. Mama alikuwa amepika pilau, mchuzi wa mbuzi, ndizi, na makande kwenye sufuria ambayo mtu mzima anaweza kujificha ndani yake. Alisimama nyuma ya meza na upawa wake, amevaa kitenge kipya, anacheka. Wakwe wakapita mbele yake mmoja mmoja. Huyu akaomba kijiko kimoja tu cha kuonja. Yule akasema asante, yuko sawa tu. Mashangazi wa vilemba vyeupe wakasifu harufu, wakachukua kachumbari. Mzee alipewa sahani, akaitazama kwa huzuni ya kweli, akairudisha mezani polepole.

Mama aliendelea kucheka mpaka foleni ilipokwisha. Kisha akaingia jikoni, nami nikamfuata.

"Chakula changu kina kasoro gani?" aliniuliza. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Nilikwenda kando nikampigia shangazi, na shangazi akanieleza yote kwa fahari. Huko Maore binamu alikuwa amewapa wali na samaki, kwa sababu isingewezekana magari ya wakwe yasimame uani kwake, majirani wanaona, halafu watu wakae na njaa. Naye shangazi alikuwa amechinja. Angefanyaje? Nilikuwa nimekwenda kwake kwa miguu yangu kumwambia kwamba wakwe wote watasimama kwake. Upareni hayo hayahitaji kufafanuliwa. Rubani ukimwambia azunguke juu ya bahari, anazunguka na hakuna anayemtolea sahani. Hilo ndilo pekee nililosahau kulipigia hesabu.

Nilirudi kumwambia mama. Nilimweleza kwamba wameshakula mara mbili njiani, chakula chake hakina kasoro yoyote.

"Nani aliwasimamisha huko?" akauliza.

Nikasema ni mimi. Akafunika sufuria ya makande, na akaanza kupanga sahani safi kurudi kabatini. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote kazini, na kazini nimeona siku mbaya.

Nje wakwe walishaanza kuaga. Zawadi zimetolewa, bibi harusi ameshalia vya kutosha, na Msangeni ni mbali. Mjomba akawatangazia kwamba hakuna gari litakaloshuka bila ruhusa yangu. Wote wakanigeukia. Nikavua viatu, nikapanda tena juu ya tanki, na hapo ndipo nilipoyakumbuka mafuso.

Yalikuwa yamezuiwa tangu asubuhi, na madereva walishaniita majina yote. Nikapiga simu kwenye mizani, nikasema sasa ni zamu yao, yote yapite kwanza. Dereva aliyepokea aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia washuke taratibu, waachiane nafasi, mzigo ni mzito. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza nao kwa adabu namna ile, nao wakashuka taratibu kweli, kwa gia ya chini, wanapungia watu mikono.

Wakwe wakakaa tena. Kwaya ikaimba, ikachoka. Jua likaenda nyuma ya mlima, ukungu ukashuka, na ile baridi ya kwetu ikaanza kupenya kwenye nguo za sherehe. Baridi ile huwa inamaliza chakula tumboni. Mashangazi walijisogeza karibu na jiko la nje kuota moto, na jiko la nje ndipo ilipokuwa sufuria ya makande. Mama aliifunua kidogo, kama anayetazama kama imeungua. Mzee alinyoosha shingo.

"Mama," alisema, "hayo makande ni ya maziwa?"

Mama alisema ni ya maziwa. Mzee akasema basi angeonja. Alionja sahani nzima. Nyuma yake wakaja wenye vilemba, kisha kwaya yote, kisha hata dereva wa kirikuu la soda. Pilau ikapashwa moto, mchuzi ukarudi mezani. Sahani zilitoka kabatini zote, na mama alikuwa anapakua kwa mikono miwili, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Nikiwa juu ya tanki niliona fuso la mwisho likiishia kwenye migomba ya shangazi, na baadaye nikaliona dogo kabisa, limeshika tambarare. Njia ilikuwa wazi. Sikuita gari.

Mama alikuja chini ya tanki na sahani yangu. Ameishi juu ya barabara ile tangu aolewe, anajua kwa masikio tu kama kuna gari mlimani au hakuna. Alisimama akasikiliza. Kisha akaniangalia kwa muda, macho yake yakapanda kutoka kwenye miguu yangu isiyo na viatu hadi kwenye simu mbili.

Mzee akaja nyuma yake, sahani ya pili mkononi, akanyanyua uso kuniuliza njia ikoje sasa. Nilifungua mdomo nimjibu. Mama yangu, mzee wa kanisa, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata kwa mtoza michango, akaniwahi.

"Bado, baba," alisema. "Kuna lori. Njoo nikuongeze nyama."