Hewa Aliyovuta Jaribu

Walisema nimemuua mume wangu. Walisema kwa sauti, uwanjani kwa mama mkwe wangu Bi Kijakazi, watu wangali kwenye majamvi ya msiba. Nikatolewa katika nyumba yetu ya kijijini Wambaa niliyoikandika kwa mikono yangu, eda yangu nikaenda kuikalia kwa kaka yangu, kijiji cha Vitongoji, na binti yangu Mwanawema akabaki kwa bibi yake. Aliyemuua mume wangu ni moshi. Mwenye moshi alikuwepo pale pale, anakunywa kahawa ya msiba.

Mume wangu aliitwa Jaribu Nyange. Baba yake alikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu, na baada ya Mapinduzi akapewa eka tatu zenye mikarafuu. Jaribu alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa anaogopa kupanda. Akifika tawi la pili miguu inamtetemeka mpaka majani yanacheza. Mzee Nyange alikuwa akisimama chini anapiga kelele, "Serikali imenipa miti, Mungu kanipa mtoto wa kuokota!" Watu wakicheka, na Jaribu naye anacheka, kajishikilia shina huko juu anaomba aletewe ngazi.

Lakini chini ya maji hakuogopa kitu. Alianza kuzamia majongoo ya pwani kwa miwani tu na pumzi yake mwenyewe. Majongoo hayo sisi hatuyali, lakini wako watu mbali wanaoyala na kuyataka sana. Alipomaliza ya karibu ikabidi aende kwenye kina, na pumzi ya mtu haifiki huko. Ndipo Bwana Himid Ngwali, mwenye chombo, alipoleta mitungi ya hewa na kompresa ya kuijaza.

Mie sikusoma, lakini ile mashine niliijua kwa kuiona kila siku, maana ilikuwa pwani mbele ya nyumba yetu. Upande mmoja injini, upande wa pili pampu, na mpira unaovuta hewa. Hewa inabanwa ndani ya chuma mpaka mtungi unaunguza mkono, ndiyo maana wakiujaza waliusimamisha ndani ya pipa la maji. Jaribu alikuwa akisema, "Hewa ukiibana inakasirika." Na kweli, mtungi ukipoa mshale wa kipimo unarudi chini.

"Bwana Himid," alimwambia siku moja, "mtungi wako ukiwa moto umejaa, ukipoa una njaa."

"Labda unauonea wewe, Jaribu. Vuta polepole."

Ndivyo alivyokuwa Bwana Himid. Neno lolote alilipokea kwa mzaha akalirudisha kwako.

Kisha mwalimu wa chuo cha Kurani akalalamika. Mashine inanguruma, watoto hawasikii wanachosomeshwa, na msikitini nako imamu anashindana nayo. Maneno ya haki kabisa. Bwana Himid akajenga kibanda cha mabati, akakijaza makuti kwenye kila upenyo, akaifungia mashine ndani, injini na mpira wake wa kuvuta hewa pamoja. Kelele ikafa. Watu walimshukuru, akaombewa dua Ijumaa.

Wiki ile ile Jaribu alirudi anatema mate. "Hewa ina ladha," aliniambia. "Kama nimelamba jiko."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema nipunguze tumbaku."

Jaribu hakuwahi kuvuta tumbaku.

Siku aliyokufa walikwenda wawili, yeye na Kificho, rafiki yake tangu utotoni. Mitungi yao ilijazwa asubuhi moja, kwa mashine moja. Kificho sikio lilikuwa linamuuma, akakaa kwenye maji mafupi juu ya mwamba. Jaribu akaenda chini kwenye kina. Kificho alipanda chomboni kichwa kinampasuka, akatapika. Jaribu hakupanda. Waliozama kumtafuta walimkuta katikati ya njia ya kurudi juu, kipande cha mdomoni cha kuvutia hewa kimemtoka.

Waliomwosha walitoka na macho makubwa. Midomo yake ilikuwa myekundu, na kucha pia. Maiti ya mtu aliyekufa maji haiwi vile. Nami nilimwona kabla ya kufunikwa uso, nikadhani yuko hai, nikamwita.

"Pepo wa bahari kampaka," alisema Bi Kijakazi. "Sasa nani kamfungulia mlango?"

Wake wa wazamiaji pale kwetu walikuwa na mwiko wao: mume akiwa ndani ya maji, mke asichane nywele. Jirani mmoja alisema aliniona kizingitini nimemlaza Mwanawema kichwa mapajani mwangu, kitana mkononi. Alisema kweli. Mtoto alikuwa na chawa. Na wanawake wengine wa Wambaa walikuwa wakichana asubuhi ile ile, ila waume zao walirudi.

Kaka yangu, aliyekuja mazikoni, alijaribu kunitetea. Aliuliza kama mashine haikuwa na kosa. Bwana Himid akaweka kikombe chini akasema taratibu, mtu mzima mwenye hekima zake:

"Mashine ni moja. Hewa ni moja. Kificho kaivuta, yuko hapa anakula halua. Ingekuwa hewa ni mbovu, si wangekufa wote?"

Hata mie niliona ni kweli. Nilikaa ndani nimejifunika nikajiuliza kama kitana kinaweza kuua.

Siku ya pili baada ya mazishi nilipita pwani na bunda langu la nguo, natolewa. Nikaona bati la kibanda limetobolewa, mpira wa kuvuta hewa umetolewa nje na kufungwa juu ya mti mrefu, mbali na moshi. Niliuona, lakini sikujua nimeona nini.

Miaka ikaenda. Vitongoji nilipika mikate ya kumimina nikauza. Akaja kupanga jirani yangu fundi mmoja wa mitambo kutoka bara, Dionis, kijana Mkristo mwenye adabu, anayetengeneza kompresa za wazamiaji wa kitalii. Kila akiifunga mashine kuijaribu uani, kitu cha kwanza alikuwa anaupandisha mpira juu ya mti. Siku moja sikuweza kuvumilia, nikamwuliza kwa nini.

"Ili mpira usivute moshi wa injini, Bi Tatu. Unaua."

"Mbona hauwaui wote?" nilimwuliza. Nikamweleza habari ya Kificho na Jaribu.

"Unajua gunia la karafuu lenye makonyo, vile vijiti vyake?"

"Nimelijua kabla hujazaliwa."

"Haya. Karafuu ni hewa safi, makonyo ni sumu ya moshi. Gunia limelegea, unachota konzi moja. Unapata makonyo mangapi?"

"Moja. Labda mawili."

"Sasa lishindilie gunia zima mpaka libaki robo. Chota konzi ile ile."

"Nitapata karafuu nyingi na makonyo mengi."

"Makonyo yameongezeka guniani?"

"Hayakuongezeka. Yamesongamana."

"Basi hewa ndivyo ilivyo. Si kitu kimoja, ni mchanganyiko, na kila kilichomo kinasukuma kwa nguvu yake kama vile vingine havipo. Bahari ndiyo inayoshindilia. Kwenye pima kumi na tano, pumzi moja inabeba karibu mara nne ya ile ya hapa juu. Hewa safi mara nne, na sumu mara nne."

"Na aliye kwenye maji mafupi?"

"Anaumwa kichwa. Anatapika."

Niliweka sufuria chini.

Akaendelea, hakujua anachonifanyia. Akasema kule chini hewa safi nayo ni nyingi, humsaidia mtu. Akianza kupanda, hewa safi inapungua katika kila pumzi, lakini sumu imeshaing'ang'ania damu, haitoki. Wengi huzimika wakiwa njiani kurudi. Na damu yao hubaki nyekundu, midomo na kucha.

Nilikwenda Wambaa kesho yake. Bwana Himid alikuwa kibarazani na wenzake.

"Bwana Himid, nimekuja kukuuliza habari za mpira wa kompresa."

"Kompresa niliiuza zamani, Bi Tatu. Unataka kuzamia?" Wakacheka.

"Kwa nini uliutoa nje ya kibanda siku ya pili baada ya mazishi?"

Kicheko chake kikakatika. "Nani kakusomesha maneno haya?"

"Nijibu."

"Kibanda nilikijenga kwa ajili ya watoto wa chuo. Nilifanya kheri. Nani alijua?"

"Ulijua ulipotoboa bati."

"Nenda kwa amani, bibi. Marehemu hasumbuliwi."

"Ninayesumbuliwa ni mie, niliye hai."

Akageuka, akaendelea na mazungumzo yake ya bei ya mbao.

Kificho nilimkuta anashona nyavu nyuma ya nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kaikazia macho sindano. "Shemeji, wallahi kichwa kiliniuma siku tatu," alisema. "Lakini kiwanja hiki nimepewa na Bwana Himid, na wanangu wako chomboni kwake. Usinitaje."

Mwanawema ameshaolewa, ana watoto. Nikienda hunipa kiti, huniletea maji, huniita Bi Tatu. Nilimweleza habari ya gunia na makonyo kama nilivyoelezwa, polepole, nisikosee. Alisubiri nimalize.

"Bibi aliniambia hewa ilikuwa moja," alisema. "Na Bwana Himid alisema hivyo hivyo, naye ndiye mwenye mashine. Weye nani kakupa elimu hiyo, Bi Tatu?"

"Muulize Kificho."

"Nilishamuuliza zamani. Kasema hakumbuki."

Nikanywa maji yake nikaondoka. Sijarudi tena.

Mwaka jana Bwana Himid alipata kiharusi. Yuko kitandani, anatoa sauti lakini si maneno. Alikuwa na miaka mingi ya kuyasema akiwa na ulimi wake, na sasa hata akitaka hawezi. Bi Kijakazi amekufa akiamini alichokiamini, na watu walimsifu kwa kumlea mjukuu wake yatima, nami mama yake niko hai ng'ambo ya pili ya kisiwa.

Bwana Himid Ngwali anadaiwa aseme mbele ya watu wa Wambaa waliosikia maneno yake msibani kwamba hewa aliyompa Jaribu ilikuwa na moshi, naye alijua. Deni hilo ataondoka nalo. Kificho bado ana ulimi. Yeye anadaiwa amwambie Mwanawema kwamba siku ile alitapika.