Paka wa Ghala la Omena

Nakumbuka asubuhi moja sokoni Otonglo, mwaka niliotoka chuo kikuu, nilipomkuta paka jike amejikunja chini ya meza ya muuza nyanya, mbavu zikihesabika. Nilimchukua. Chumba nilichopanga hakikuruhusu mnyama, basi nikamtia guniani, kama ilivyo desturi yetu, ili asiione njia ya kurudi, nikampelekea Mama Atieno, aliyehifadhi omena, wale dagaa wa ziwani, ghalani karibu na ziwa na kusumbuliwa na panya. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Nami nikaenda zangu.

Niliporudi kumtazama yule paka, mwanangu, alikuwa na mimba, tena amekonda kuliko siku ya kwanza.

"Aii, kijana!" Mama Atieno alicheka. "Umekuja kuona kama binti yako ameolewa vizuri? Huyu mimi silishi. Paka akishiba analala tu, na mimi nabaki na panya."

"Lakini ana mimba, Mama."

"Basi atakamata wengi zaidi!"

Nilicheka pamoja naye. Hakuwa mwanamke mkatili. Ndivyo sote tulivyolelewa, kwamba njaa ndiyo mwalimu wa paka.

Baadaye jirani yake alitega sumu ya panya. Mwenye njaa hachagui. Nilipopata habari, paka alikuwa amekwisha kuzikwa, na vitoto vyake, macho hayajafumbuka, vilikuwa vikilia ndani ya gunia lile lile. Nilivipa maziwa ya ng'ombe, maana sikujua jingine. Kimoja baada ya kingine, vilinyamaza.

Sina mwisho mwema wa kukupa. Hata leo wapo wengine chini ya meza za Otonglo, na sitarajii kuishi hadi siku watakapokosekana.

Sasa nawe umeniletea kitoto cha paka ndani ya katoni, ukiniuliza apewe nani. Usimtoe kabla hujamwuliza anayemtaka atamlisha nini, na kama kuna sumu, hata kwa jirani. Akifikia umri, daktari wa mifugo amfunge kizazi. Kisha rudi ukamtazame. Ukimkuta amekonda, mchukue, hata ukiitwa mtovu wa adabu. Methali ile ya kwenda zako inamfaa binadamu, ambaye akidhulumiwa ana kinywa cha kusema.

Mungu akujalie mikono isiyochoka upesi kama yangu, mwanangu, na akuepushe na ukimya ule nilioachiwa guniani.