Cheni ya Kifaru cha Baba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiiwaza mpaka leo nahisi joto usoni. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukimpokonya bibi yako mgonjwa kijiko umlishe wewe. Uji ulikuwa unamwagika, ndiyo, na wewe ulikuwa na haraka zako. Usinune. Weka simu chini unisikilize mimi shangazi yako.

Baba yangu alikuwa mtu wa Sop Sop, kule Tororo, na ujana wake wote aliumaliza jeshini akitengeneza vifaru. Alipostaafu akahamia huku Busia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi la Uganda, hakikumbembeleza mtu. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, nina meza yangu ya nguo sokoni, nikaambiwa niiache nikae nyumbani nimtunze.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alituonya mapema. Vidole visipofanya kazi ndogo ndogo kila siku katika miezi ile ya mwanzo, vitajikunja na huenda visifunguke tena. Akampa maharage achambue. Baba aliyatazama kama mtu aliyetukanwa. Ndipo kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, akatuma boksi lenye kifaru cha plastiki cha kuunganisha, urefu wake kama kiatu. Cheni zake zilikuja pingili moja moja, kila moja kama ukucha wa kidole kidogo, tisini kila upande, pamoja na pini nyembamba za kuziunga ili cheni izunguke kwenye magurudumu kama ya kweli. Baba alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu augue.

Basi ikawa kazi ya kila siku baada ya chai. Mimi nakata pingili na kuzisugua kwa msasa. Yeye anashika moja kwa mkono mgonjwa, anasukuma pini kwa ule mzima, halafu natia tone la gundi kwa ncha ya sindano, juu ya kichwa cha pini tu. Gundi ikipenya ndani, kiungo hakikunjiki tena. Siku ya kwanza aliunga pingili mbili, shati likalowa jasho. Mwezi ulipoisha alikuwa anaunga sita kwa siku. Ikimponyoka alinikataza kuiokota. "Wacha," anasema. "Mkono itatafuta."

Na mimi nilikuwa nachemka ndani, sikufichi. Kutazama kidole kikitafuta kitundu kwa dakika tano ni mateso. Wageni wa kanisa wakija, wanamkuta anadondosha pini, mate yanamtoka, nami naona aibu. Naona aibu kwa baba yangu mzazi, unasikia? Kisha kaka akapiga simu kwamba anakuja wiki ijayo. Nikataka akute kifaru kimesimama mezani, cheni zake zimekamilika, anisifu.

Jumapili hiyo jirani alimsukuma Baba kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kanisani. Nikasema tumbo linaniuma, nikabaki. Walipotoka tu getini nikamwaga mezani pingili zote zilizobaki. Mikono yangu ilikuwa mizima na myepesi, nikamalizia upande alioanza Baba, nikaunga na wa pili. Sindano ikaniudhi, nikatumia brashi na kupaka gundi kila mahali. Spika ya kanisa ilikuwa inasikika mpaka kwetu, nikawa napima saa kwa mahubiri.

Nilipoinua cheni ikasimama wima kama rula. Nikajaribu kuikunja taratibu, haikusikia. Nikatia nguvu, ikalia ka, ikakatika vipande vitatu. Kanisani wakaanza wimbo wa mwisho. Nikashikilia vile vipande kwenye magurudumu, nikavimiminia gundi tena, vidole vyangu vinanata. Lile geti likalia.

Nikasema, "Baba, nimekuandalia kitu."

Alikitazama. Akaupeleka mkono mgonjwa polepole, akaweka kidole juu ya cheni, akasukuma. Haikwenda. Akasukuma tena. Jirani aliangalia chini akajiondokea.

"Nani alifanya?"

"Mimi, Baba. Nilitaka kukusaidia."

"Kifaru umemaliza," akasema. "Na hii mkono, utaimaliza na gundi?"

Heri angenipiga. Hakunipiga. Aliurudisha mkono mapajani, na wiki tatu nzima hakuunyanyua kwa kazi yoyote. Kaka alikuja, akakisifu kifaru, Baba akageukia ukuta. Dada wa mazoezi alipofika, ngumi ilikuwa imejifunga mpaka kucha zinachimba kiganja. Aliifungua kidole kimoja kimoja, Baba anauma meno, kisha akaniuliza kuna nini. Nilimweleza yote huku nalia.

Kaka alipojua ukweli akatuma cheni nyingine. Niliweka pakiti mbele ya Baba, nikapiga magoti, nikamwambia sitagusa isipokuwa akiniomba. Alikaa siku mbili bila kuifungua. Ya tatu akasema, "Lete msasa." Tukaanza upya, na safari hii aliunga moja tu.

Upande mmoja aliumaliza. Aliusukuma juu ya meza, ukapita juu ya kitabu cha nyimbo ukikunjika na kukunjuka, akaniita niutazame. Upande wa pili hakuufikia. Mkono uliweza kijiko na kikombe, lakini vifungo vya shati ulivishindwa mpaka alipofariki. Dada wa mazoezi aliniambia huenda ungeishia hapo hata hivyo. Huenda. Ila zile wiki tatu nilimnyang'anya mimi, na hakuna wa kuzirudisha.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, mgonjwa akihangaika na kijiko, hiyo ndiyo dawa yake, na wewe ukimlisha ili uwahi simu yako unamwaga dawa. Funika meza kwa kitambaa, uji umwagike. Akikuomba msaada, mpe. Asipoomba, kaa karibu naye na uvumilie. Na ukiona aibu mbele ya watu, jua aibu hiyo ni yako, usimtwike yeye.

Mungu akubariki, mama. Akupe mikono yenye nguvu, na akupe moyo wa kuituliza mapajani pako. Bibi yako na akushike mkono kwa vidole vyake mwenyewe. Haya, uji wake umepoa. Mpelekee, na kijiko umwachie.