Mashimo Tuliyochimba Kiangazi

Watu wengine hukosana na jamaa zao kwa sababu ya urithi au ndoa. Mimi nilikosana na mjomba wangu kwa sababu ya mchwa na jongoo, na kila nikisimulia watu hucheka kwanza. Nawaacha wacheke, kisha naendelea.

Kwetu Garissa mjomba na mpwa huitana kwa neno moja. Mimi namwita abti, naye ananiita abti. Nilipokuwa mtoto neno hilo lilinivimbisha kichwa, nikajiona rika lake. Ndiye kaka mkubwa wa mama yangu, na ndiye aliyesimama na mimi jamaa walipouliza binti wa wafugaji anaenda kutafuta nini chuo cha kilimo. Alisema nitarudi na kitu cha kutufaa.

Chuoni nilikuwa na mwalimu wa udongo. Nilimpenda mwanamke yule, wacha niseme ukweli. Walimu wengine walitufundisha udongo ubaoni, yeye alipiga magoti na kuuchambua kwa vidole, akitoa tandu na viwavi na kutuonyesha kila mmoja na kazi yake. Kwake nilijifunza kwamba mchwa, ambaye nyumbani tulimjua kwa kula nguzo tu, ndiye anayezika mavi ya mbuzi ardhini na kuyageuza chakula cha nyasi. Nilipomaliza masomo alinipigia simu. Alikuwa na utafiti wa kulinganisha viumbe wa udongo katika aina tatu za ardhi: mashamba yanayomwagiliwa maji kando ya mto Tana, malisho ya kila siku, na malisho ya akiba. Alitaka msaidizi anayekubalika na wenyeji. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Mashamba yalipatikana haraka, na malisho ya kila siku pia. Akiba ndiyo iliyokuwa ngumu. Malisho ya akiba ni yale wazee wanayoyafunga mvua inapokatika, mnyama asiguse mpaka hali iwe mbaya kabisa. Ya ukoo wa mama yangu yako juu kidogo, mbali na mto, na msimamizi wake ni abti. Kule mtu mgeni akionekana na jembe, watu huanza kuuliza maswali, kwa sababu mara nyingi baada ya jembe huja vigingi vya kupima na kugawa ardhi. Wazee walikataa. Nikaenda mwenyewe, nikakaa na abti tangu asubuhi, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia, nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: kama ni mimi ninayeomba au ni yule mwalimu. Nikasema ni mimi.

Siku ya kwanza ya kuchimba alikuja mwenyewe na fimbo yake. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Akamwambia mwalimu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama, ardhi hii sasa nalala. Wadudu yote iko chini, mbali. Mvua ikinyesha, rudi, chimba bale bale. Ndiyo utaona."

"Mzee, nakuahidi," mwalimu akasema. "Tutachimba mara mbili."

Akaweka mkono kifuani, na abti akaridhika. Mimi nikaridhika zaidi yake.

Tulikuwa na fremu ya mbao ya mraba. Tunailaza chini, tunachimba ndani yake, tunamwaga udongo kwenye shuka jeupe na kuokota kila kinachotembea, kisha tunakitia kwenye chupa ya spiriti. Kwenye mashamba ya mto shuka lilichemka: nyungunyungu, siafu, mbawakawa, viwavi wanene. Kule kwenye akiba tulimwaga udongo mkavu na kukodolea macho kitambaa cheupe. Buibui mmoja. Wakati mwingine mchwa wawili waliopotea. Mashimo mengine yalitoa vumbi tu.

Mimi ndiye niliyejaza fomu. Mwishoni mwa kila fomu kulikuwa na safu ya maoni, na kwa kila shimo la akiba niliandika maneno yaleyale: kiangazi, viumbe wameshuka chini, rudia baada ya mvua. Niliyaandika mpaka mkono ukachoka. Kando ya kila shimo nilipanga mawe matatu ili tusipotee tukirudi.

Mvua ilichelewa. Nilimpigia mwalimu, akasema tusubiri. Nikapiga tena, hakushika. Nikajiambia ana shughuli nyingi, na nilikuwa tayari kumtetea mbele ya yeyote.

Kisha ukaitishwa mkutano kwa chifu. Walikuja maafisa na mradi wa shamba kubwa la kunyweshwa kwa mabomba, na ramani yao ilikuwa imelala juu ya akiba yetu yote. Wazee walisema ardhi ile ni uhai wa mifugo. Karani mmoja akafungua ripoti na kusema wataalamu wameshaipima. Akasoma kwamba udongo wa mashamba ya mto umejaa uhai, na ule wa akiba umekufa, viumbe karibu hakuna, na kwamba ardhi ya namna hiyo itafaidika ikilimwa. Jedwali likapitishwa mkono kwa mkono. Lilipofika kwangu nikatazama mwisho wa ukurasa. Safu ya maoni haikuwepo. Waliikata. Tarehe pia hazikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua tulichimba mwezi gani.

Karani alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Akasoma hata shukrani, na humo mwalimu wangu alikuwa amenishukuru kwa jina langu, la baba na la babu, kwa kufanikisha kazi kwenye malisho ya akiba. Watu wakageuka. Abti hakugeuka.

Nilitaka kusimama niseme. Nilisimama. Nikasema vipimo havijakamilika, karani akaniuliza kwa upole kama si mimi niliyeshukuriwa humo. Nikakaa.

Mvua ilinyesha wiki mbili baadaye. Nilibeba fremu na shuka nikaenda peke yangu. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Nikatafuta mawe yangu matatu, nikachimba palepale. Jongoo wekundu walikuwa wanatambaa juu ya viatu vyangu, udongo ukanuka uzima, mbawakawa wakibingirisha vidonge vya mavi kana kwamba hakuna kilichotokea. Shuka lilichemka kuliko la mtoni. Nilihesabu huku nalia kwa hasira, nikajaza fomu shimo baada ya shimo, na nikaandika tarehe kwa herufi kubwa. Nikampigia mwalimu. Safari hii alishika. Akasema kazi ile ilishafungwa, akanipongeza kwa bidii yangu, akasema nimtumie barua tu, na akinihitaji tena atanitafuta.

Nilimkuta abti kwenye ukingo wa akiba, anawageuza mbuzi wasivuke vigingi. Nikamwita. Nikamweleza kwa lugha yetu kwamba alisema kweli, wadudu wote wamepanda juu, nimewahesabu, hesabu hii hapa. Nikampa fomu. Hajui kusoma, lakini alizigeuza moja moja mpaka ya mwisho, taratibu, kwa heshima aliyonayo kwa karatasi.

Akaniuliza nitazipeleka kwa nani.

Akazikunja, akanirudishia kwa mkono wa kulia. Tangu nizaliwe hakuwahi kunisemesha Kiswahili, kwa sababu kwake hiyo ni lugha ya ofisi na ya wageni.

"Asante, madam," akaniambia. "Sasa unaweza kwenda."