Shangazi wa Tela na Ndoa ya Pedali Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi anaizunguka tela yake ya miwa kwa mara ya tatu, na bado hajaridhika. Anapiga teke gurudumu la nyuma. Anavuta kamba zilizofunga mzigo. Anachuchumaa pale trekta na tela zinapoungana, anaitikisa pini nene ya chuma, kisha anafunga mnyororo wa akiba, ule ambao madereva wengi huuacha uning'inie kama urembo.

"Siku ukiniona nimeridhika haraka, ujue nimeanza kuzeeka," anasema, huku akifuta kwa kanga vumbi lililoganda kwenye taa za nyuma.

Ana miaka hamsini na minne, na huu ni msimu wake wa ishirini na tatu wa kuvuta miwa kutoka shambani hadi kiwandani. Vibarua wanamwita Shangazi, mafundi wanamwita Shangazi, hata meneja wa shamba, ambaye ana shahada mbili na tai, anamwita Shangazi. Ni mwembamba, mfupi, na kiti cha trekta amekiongezea mto ili aone mbele vizuri.

Sasa tazama anachokivuta. Trekta lenyewe lina uzito wa tani tatu na ushei. Tela ikijaa miwa inafika tani nane, na haina breki zake yenyewe. Maana yake ni kwamba kinachovutwa kina uzito zaidi ya mara mbili ya kinachovuta, na kwenye mteremko kinachovutwa ndicho kinachosukuma. Mwanamke huyu wa kilo hamsini na mbili anauzuia mzigo huo kwa mguu mmoja. Ukilifikiria jambo hilo sana, unaweza kukataa kabisa kutembea barabarani.

"Tela haina adabu," anasema. "Njia nzima inakufuata kimya kama mkwe mgeni. Ngoja mteremko uanze, utajua nani mwenye nyumba."

Kutoka shambani hadi kiwandani ni kilomita nne, zote za barabara ya umma. Hapo wanapita watu wa baiskeli, watu wa pikipiki, wanawake wenye mabeseni kichwani, na mbuzi wasiojua sheria. Katikati kuna mteremko wa mita mia sita, na mwisho wa mteremko kuna shule ya msingi. Watoto wanavukia hapo.

Kabla ya kuingia barabarani lazima apite geti la shamba. Mlinzi wa geti ni mzee mcheshi mwenye mguu mmoja na gongo, na wote wanamwita Baba Mikate. Trekta linasimama. Mzee hagusi kizuizi.

"Umewaozesha?" anauliza.

"Nimewaozesha."

"Nione ndoa."

Shangazi anainua mguu wa kulia. Baba Mikate anainama, anachungulia chini ya usukani, anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, ndipo anapoinua kizuizi.

Mgeni akisikia maneno hayo atadhani kuna harusi. Kumbe trekta lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine ya gurudumu la kulia. Shambani dereva huzitenganisha. Akifika mwisho wa mistari hukanyaga moja tu, trekta likageuka palepale kama mtu aliyeitwa. Barabarani pedali hizo lazima zifungwe pamoja kwa komeo dogo la chuma, dogo kuliko kidole gumba, ili magurudumu yote mawili yashikwe kwa mpigo mmoja. Madereva wa hapa husema pedali zikiwa shambani zimeachana, na zikitoka getini lazima zioane.

Dereva wa gari la kawaida hawezi kufanya kosa hilo hata akitaka. Ni kosa la watu wa trekta peke yao, na Shangazi alilifanya miaka kumi na moja iliyopita.

Hasimulii kwa madaha. Anasimulia akitazama mikono yake.

"Nilikuwa nimekata kona shambani asubuhi nzima. Nikatoka na haraka zangu, sikufunga komeo. Pale kwenye mteremko mbwa akakatiza. Nikakanyaga. Mguu ukaangukia pedali ya kulia peke yake. Lo! Gurudumu la kulia likashika, la kushoto likaendelea, trekta likageuka upande, na tela ikaja nyuma yake kwa hasira zote. Ikalala na miwa yake yote."

Pembeni mwa barabara alikuwepo mchuuzi wa mikate, akiisukuma baiskeli yake kupanda mlima; miwa ikamfukia. Shangazi aliichimbua miwa kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Mchuuzi alipatikana akiwa hai. Mguu wa kushoto haukupona, ukakatwa.

Kwa misimu miwili Shangazi hakugusa usukani. Alilima bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na sauti ya trekta ikipita alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango. Mumewe alimbembeleza, dada zake wakambembeleza, akawa haambiliki.

Siku moja mlango ukabishwa. Alikuwa yule mchuuzi, na gongo lake, jasho linamtiririka. Alikuwa ametembea kilomita tatu.

"Nilijua amekuja kunilaani, na nilikuwa tayari," anasema Shangazi. "Nikamwekea kiti. Akakataa kukaa. Akaniambia, 'Mama, nimesikia umeacha kazi kwa ajili yangu. Sasa tela yako anavuta kijana anayeshuka ule mlima kama anafukuzwa na nyuki. Wewe unalijua lile komeo kuliko mtu yeyote duniani. Rudi. Mimi nitaomba kazi getini, nitakuwa nakukagua.'"

Hapo anacheka kidogo. Anajifuta macho kwa kanga ileile ya vumbi.

Tangu siku hiyo hakuna trekta linalotoka bila swali la Baba Mikate, awe dereva mgeni au mkongwe. Misimu minane, zaidi ya matrekta kumi na mawili, na hakuna tela iliyolala tena kwenye mteremko ule. Na geti lenyewe ni mabomba yenye kutu tu.

Lakini wiki hii kuna jambo. Kiwanda kinalalamika kwamba miwa inachelewa, na meneja ametoa agizo: kuanzia Jumatatu kila trekta livute tela mbili. Madereva wanalipwa kwa tripu na kwa tani, hivyo wengi wameshangilia. Shangazi amekataa. Amepewa mpaka leo abadili mawazo, la sivyo amkabidhi funguo mtu mwingine.

"Wenzangu wamenuna. Mmoja kaniambia nawazibia riziki," anasema. "Nikamwambia, 'Mwanangu, riziki utaila na nani ukishapita juu ya watoto wa watu?'"

Meneja amekuja mwenyewe asubuhi hii kumaliza ubishi. Anataka kupanda juu ya bawa la gurudumu, lile bati la kukinga tope, ashuke naye mteremko.

"Thubutu!" anasema Shangazi. "Trekta lina kiti kimoja. Wewe bosi mwanangu tangulia na gari lako, ukasimame kule chini shuleni. Uniangalie nikija."

Meneja anatangulia. Shangazi anafika kichwani mwa mteremko, anasimama kabisa, anaingiza gia ya pili. Akishaanza kushuka hagusi klachi wala habadili gia mpaka chini, ili injini isaidie kuuzuia mzigo. Injini inaguna. Nyuma yake tani nane zinaegemea, na ukitazama kutoka chini, ule ukuta wa miwa unaonekana kama kipande cha shamba kilichoamua kuhama.

Watoto wanavuka. Wa mwisho, msichana mdogo mwenye soksi moja, amekwisha fika ng'ambo anapogundua daftari limemwanguka katikati ya barabara. Anarudi mbio.

Shangazi anakanyaga. Mpira unalia juu ya lami, tela inasukuma, chuma kinagonga chuma, mnyororo unakaza. Trekta halipindi hata kidogo. Linanyooka, linatetemeka, linasimama.

Mtoto anaokota daftari, anapangusa vumbi, anasema, "Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mama. Siku nyingine liache."

Mtoto anaingia shuleni akirukaruka. Meneja amebaki palepale, mkono mdomoni. Kisha, bila kuambiwa na mtu, anakwenda pale lilipokuwa daftari na kuanza kuhesabu hatua kuelekea kwenye trekta. Moja, mbili, tatu. Ya nane inagusa bampa. Anaitazama tela moja iliyo nyuma ya trekta, anatazama nafasi ambayo tela ya pili ingekuwa.

"Shangazi, ingekuwa mbili?"

Meneja anavua tai, anaikunja, anaitia mfukoni.

"Tela moja," anasema. "Kwa wote. Na tela hizi za zamani, tutazifunga breki zao zenyewe kabla ya msimu ujao. Nitaandika leo."

"Andika sasa hivi, kabla mapigo ya moyo hayajatulia," Shangazi anamwambia, na wote wawili wanacheka kicheko cha watu waliokoswakoswa na habari mbaya.

Shangazi amebakiza misimu mitatu astaafu. Anataka kuitumia kufundisha madereva wapya, na tayari ameomba apewe trekta bovu la mazoezi. Anapoulizwa angependa watu wa barabara hii wamkumbuke kwa lipi, anashangaa swali lenyewe.

"Wanikumbuke? Wee! Sisi madereva wa tela tunakumbukwa kwa ajali tu, na mimi yangu ninayo tayari," anasema, akiingiza gia. "Yule mtoto, ukimuuliza jioni, nataka awe hakumbuki kama nilipita."