Siku Maji Yalipopanda Kisimani

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Bariadi aliletewa lori la mchanga wa kujengea. Mafundi wakaulowesha kwa ndoo mbili za maji, na ile harufu ikaruka ukuta ikanikuta uani nikichambua mlenda. Nakwambieni kweli, niliacha ungo pale pale nikaingia ndani na kufunga mlango. Mume wangu alidhani nimeona nyoka. Ni harufu ya mchanga mkavu unapopata maji kwa mara ya kwanza baada ya kiangazi, na najua watu wengi wanaipenda. Mimi naiogopa tangu nikiwa na miaka kumi.

Nilizaliwa upande wa Nkoma, karibu na mto Simiyu. Mgeni akifika pale mwezi wa tisa atauliza mto uko wapi, naye amesimama katikati yake. Ni mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa mnada, na ng'ombe wanavuka bila kulowa kwato. Lakini mto ule unaanzia mbali, mashariki kwenye mbuga za Serengeti, unaokota vijito njiani ndipo unapita kwetu kwenda ziwani. Mvua inaweza kupiga huko juu siku nzima, huku kwetu jua linawaka na watu wameanika mtama, halafu maji yakaja yenyewe bila wingu wala radi. Bibi yangu Kabula, mama yake baba, alikuwa akilalamika kwamba mto wetu hauna adabu, unaingia kwa watu bila kupiga hodi.

Bibi aliujua mto ule kona kwa kona. Alikuonyesha penye mti wa mkunju akakwambia hapo palikuwa na mji wa fulani, na zizi, na watoto saba, na hakumalizia. Wakati watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, sisi tuliwekwa jirani na ukingo kwa sababu palikuwa tambarare na nyumba zingepangika kwa mstari. Bibi alisema wazee hawakupaacha wazi kwa kusahau. Walimsikia, wakaendelea kuvuta kamba zao za kupimia.

Kiangazi tulichimba visima mle mchangani, kila mji na kisima chake, tukavizungushia miiba ng'ombe wasivifikie. Kisima cha bibi ndicho kilichokuwa macho ya kijiji. Kila alfajiri alilala kifudifudi, akaingiza mkono shimoni hadi uguse maji, akaona yamefika wapi. Yakiwa mbali, mkono ulizama hadi begani. Yakipanda hadi kiwiko na kwetu mvua haijanyesha, watu walianza kuwa waangalifu. Yakipanda hadi kifundo cha mkono, maana yake huko juu mchanga umeshashiba, na siku hiyo hakuna mtu wala mnyama aliyeshuka mtoni. Wapita njia walimsalimia, "Mwangaluka, mayu," halafu wakauliza maji yako wapi. Alijibu neno moja, nao wakapanga siku yao kwa neno hilo.

Mwaka ninaousimulia, mguu wa bibi ulivimba akashindwa kushuka mtoni. Akanichagua mimi.

"Minza, mkono wako sasa ndio wangu," aliniambia. "Utakachokiona ndicho utakachoniambia. Usipunguze, usiongeze."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Dada zangu walikuwa wakubwa kuliko mimi na hawakupewa kazi ile.

Huo ulikuwa mwaka wa wanunuzi binafsi. Zamani pamba yote ilipelekwa kwenye ghala la ushirika, ukapenda usipende, ukasubiri. Sasa tukaambiwa biashara ni huria, na malori yakaanza kuja kutoka Mwanza, kila moja na bei yake na maneno yake matamu. Baba akajifanya mjanja. Hakuuza kwa wa kwanza, hakuuza kwa wa pili, na mwezi wa kumi na moja ukatukuta bado tunalala juu ya pamba, imejaa chumba hadi kwenye paa, tunajikuna usiku kucha na panya wanafanya harusi ndani yake. Mama alikuwa ameshaacha kuongea na baba kuhusu jambo hilo. Aliongea na panya.

Ndipo akaja mnunuzi mmoja wa mwisho mwisho. Kijana wake wa mizani hakuweka mizani kijijini. Aliisimika katikati ya mto, juu ya mchanga, kwenye miti mitatu iliyofungwa kileleni. Alisema hapo watu wa ng'ambo zote mbili watamfikia sawasawa. Watu wazima walicheka pembeni, kwa sababu mtoza ushuru wa upande huu angesema mto ni wa upande ule, na wa upande ule angesema vivyo hivyo. Kila mtu aliona ni akili kubwa. Bibi peke yake aliguna, akasema mchanga ule si wa kukaa, ni wa kupita. Lakini kwa kuwa kipimo kilikuwa begani siku zote hizo, hakuwa na la kuwazuia nalo.

Siku ya zamu yetu ilifika. Mjomba Masanja, kaka yake mama, alikuja na mkokoteni wake na maksai wawili kutusaidia kubeba. Mjomba yule alinipenda sana. Aliniahidi kunikalisha juu ya marundo ya pamba hadi kwenye mizani, nami sikulala kwa kuwaza jinsi wenzangu watakavyoniona nikipita.

Alfajiri nikashuka kisimani. Nililala kifudifudi, nikaingiza mkono, na maji yakanishika kifundoni.

Yalikuwa ya baridi. Niliutoa mkono nikaurudisha tena. Kifundoni. Niliangalia mbinguni, kweupe, hata wingu la kuombea hakuna. Mizani ilikuwa imesimama pale mbele yangu na kijana wake anapiga mswaki. Nilijua nikisema kweli, bibi atafunga mto, mnunuzi ataondoka kesho, baba atarudi kuongea na mama kuhusu bei, na mimi sitapanda mkokoteni.

"Maji yako wapi?" bibi aliniuliza nilipotua ndoo.

"Begani," nikasema.

Hakuniangalia mara mbili. Aliniamini. Watu wakapita, wakauliza, naye akawajibu kwa neno langu.

Basi walipomaliza kupakia, mama akasema mimi nibaki nimkande bibi mguu. Nililia, nikagaragara, haikusaidia. Mkokoteni ukaondoka, mjomba akanipungia mkono na kucheka machozi yangu. Nikabaki nakanda mguu kwa hasira, na kadiri jua lilivyopanda nikawa nageuka kutazama njia ya mtoni. Hakukuwa na upepo. Kuku walikuwa wamejibanza ukutani mchana kweupe.

Saa saba bibi akaomba maji. Nilimchotea yale ya asubuhi. Alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akalitema mkononi na kulichungulia. Yalikuwa na vumbi jekundu, na kwetu udongo si mwekundu.

"Minza. Leo yalifika wapi?"

Niliutazama mkono wangu tu. Bibi aliinuka, yule aliyekuwa haendi hata msalani bila kushikwa, akachukua mwiko mkubwa wa ugali akauegemea kama fimbo, akaenda. Mimi nyuma yake.

Kwenye ukingo alipiga ukunga mpaka sauti ikakatika. Tokeni, maji yanakuja. Watu wakasimama wakatutazama. Yule kijana wa mizani akajibu kwa heshima kabisa, "Mbona asubuhi umesema begani, bibi?" Wengine wakacheka. Na hapo walipoteza muda ambao mpaka leo nauhesabu. Baba alikuwa wa kwanza kuelewa sura ya mama yake. Akaanza kuwasukuma watu kupanda juu.

Tuliyasikia maji kabla ya kuyaona, muungurumo kama wa malori mengi yakipanda kilima. Halafu kwenye kona maji yakatokea, ya rangi ya matofali, yamebeba magogo na povu, mwanzo ya magotini, mara ya kifuani. Watu walikwea. Pamba ya baba ilivimba ikaelea. Mjomba Masanja hakukwea, kwa sababu maksai walikuwa bado wamefungwa nira. Alirudi akazikata kamba. Wale ng'ombe walitokea ng'ambo wakijikung'uta maji. Yeye tulimpata siku ya tatu, chini sana, karibu na kijiji ambacho hatukuwa na ndugu.

Wazee walimwita bibi. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimejikojolea.

"Nilipima vibaya," aliwaambia. "Mkono wangu umezeeka."

Tangu hapo watu waliopita asubuhi walimsalimia, wakaenda zao. Hakuna aliyemuuliza tena. Alikuwa anakaa mlangoni kama zamani, anawasubiri, na baada ya miaka mitatu akafa bila kuniambia neno kuhusu siku ile.

Mwaka juzi nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama anachagua mawe kwenye mchele, nikamwambia yote, kwamba ni mimi niliyemuua kaka yake. Hakuacha kuchagua.

"Bibi yako alinieleza jioni ile ile," akasema. "Aliniambia, mtoto ndiye aliyesema uongo, na mimi ndiye niliyemtuma mtoto. Amua unalotaka."

"Na ukaamua nini, mama?"

"Masanja alikuwa ameshakwenda. Ningekupoteza na wewe?"

Nilikaa chini. Nikakumbuka kwamba baada ya mwaka ule mama hakunituma tena mtoni, hata mara moja, na dada zangu walinung'unika kwa kubeba zamu zangu. Mimi nilidhani ananidekeza.